Karatasi Namba Kumi na Saba

Mkuu mpya wa chuo amenitaka niandike kurasa chache za kuwafaa ninyi mnaobaki kazini, na akasisitiza niandike mambo ya kutia moyo. Nimekaa na kalamu siku tatu. Ya kutia moyo yamekataa kuja, basi nitaandika yaliyokuja.

Nimefundisha Historia ya Fasihi ya Kiingereza katika chuo hiki cha walimu, hapa Mjambere, kwa karibu miaka thelathini. Vyeo sitavitaja. Vilikuja vikaenda, na kiti changu cha ofisini kilibaki kile kile chenye mguu mbovu. Nimeeleza theluji kwa vizazi na vizazi vya wanafunzi nami sijaigusa, isipokuwa ile inayoganda kwenye friji. Anayedhani hicho ni kichekesho na asimame mbele ya darasa lenye joto la Februari afafanue kwa nini mshairi analia kwa kuwa majira ya baridi yamekwisha mapema.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vipya vilivyonibana. Nimezaliwa Changamwe, baba yangu alitoka Ukambani akaajiriwa bandarini, na kwetu mtoto akipata kazi ya kukaa kivulini ilikuwa sherehe. Mkuu wa chuo wa wakati huo alinitazama viatu kabla ya uso, akasema, "Somo hili litabaki yatima. Mzee Salim anastaafu mwisho wa muhula. Kaa karibu naye umkamue yote aliyo nayo."

Mwalimu Salim alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa Mvita, aliyehamia Kisauni baada ya nyumba ya wazee wake kuwa ndogo kwa wajukuu. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha wakaguzi waliokuja kumkagua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipa kazi ya kwanza: kufunga kamba ya kuanikia nguo darasani, kutoka dirisha la nyuma hadi ubaoni.

Kamba ile ndiyo iliyokuwa chombo chake cha kazi. Juu yake alishona vitambaa vinane vya marekani, kila kimoja na zama zake. Cha kwanza kilikuwa cha mashujaa na mazimwi ya kale. Kikafuata cha watawa na mahujaji, halafu Mwamko, halafu miaka ya ugomvi wa mfalme na bunge. Cha tano kilikuwa Zama za Mantiki, watu walipoamini akili itatatua kila kitu. Cha sita kilikuwa cha wale waliochoka na akili wakakimbilia milima na maua, cha saba cha viwanda na moshi, na cha mwisho karne ya vita viwili vikuu. Mezani alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vipande vya karatasi, kila kipande na shairi au aya iliyopigwa kwa stensili. Hakukuwa na jina la mtunzi wala mwaka, ila namba tu. Mwanafunzi alichopoa kipande, akakisoma kwa sauti, akakining'iniza kwa kibanio cha nguo kwenye zama alizoona ndizo zake, kisha akasimama kujitetea. Wanafunzi waliliita somo lile "kuanika".

"Mbona huwaandikii majina?" nilimuuliza.

"Jina huua sikio, mwanangu. Ukimwambia mtu hili la fulani, hasomi tena. Husujudu tu."

Wiki ya kwanza alinitaka nianike mbele ya wanafunzi, nami nikakosea kwa zama mbili nzima. Darasa lilicheka, na yeye akacheka kuliko darasa. "Umesoma kwa mato, Mueni. Rudia, usome kwa masikio." Basi akanifundisha. Ya kale alinigongea mezani kwa vifundo vya vidole, nisikie jinsi maneno ya mstari mmoja yanavyoanza kwa sauti moja. Ya Mantiki alinitembezea darasani, mstari na mwenzake, mguu wa kushoto na wa kulia, mpaka nikayajua hata nikiyasikia kupitia ukutani. Kila nilichojua katika kazi hii nilikipata muhula ule. Digrii ilinipa cheti tu.

Alipostaafu aliniachia kamba, mkebe, na daftari la majibu. Ndani ya daftari mliandikwa namba na zama, basi. Nilipomwomba majina ya watunzi aliniambia niyatafute mwenyewe, nitanenepa akili. Nikayatafuta. Kwa miaka miwili Jumamosi zangu zilikuwa za maktaba ya mjini, na niliyapata yote isipokuwa moja, la karatasi namba kumi na saba. Nikajiambia kwamba katika zama zile wengi walichapisha bila kutaja majina yao, na hilo ni kweli. Nikaandika "mtunzi hajulikani", nikafunga daftari. Mwalimu kijana unayesoma hapa, kama una karatasi usiyojua imetoka wapi, isimamishe leo. Usingoje likizo.

Namba kumi na saba lilikuwa shairi la mistari kumi na miwili, kejeli tupu, juu ya watu wanaongoja kuvushwa maji. Jua li utosini. Tajiri anapita mbele na gari lake na mbwa wake. Maskini wamesimama na vikapu kichwani. Chombo kinang'oa nanga, kisha kinarudi kwa kuwa mkubwa mmoja amechelewa, na mkubwa anawashukuru wote kwa uvumilivu ambao hakuna aliyeulizwa kama anao. Nililipenda mno. Niliwaeleza wanafunzi kuwa hao ni wavushaji wa mto wa London, na kwamba jua la utosini ni nuru ya akili inayoangaza upumbavu wa watu. Nikaliandikia kurasa nne katika kijitabu changu cha mwongozo, na kijitabu kile kikasomwa hadi vyuo vingine. Watu wakaanza kusema Mwalimu Mueni hunusa zama kama mpishi anusavyo chumvi, na mimi sikuwakatalia.

Wanafunzi wengi walilinukuu katika mitihani yao ya mwisho na hapakuwa na neno. Baadaye nilikuja kufahamu sababu. Wasahihishaji wa pwani wote walipita mikononi mwa Salim. Shairi lile walilijua kama wanavyojua dua ya kula, na nani huhakiki dua ya kula?

Kisha akaja Kadzo.

Alitoka Mtopanga, binti wa kibarua wa ghala moja Changamwe; wazazi wake walikuwa wameteremka kutoka bara ya Wagiriama kabla hajazaliwa. Alikuwa msichana mtaratibu, mwenye tabia ya kunyamaza kwanza anapoulizwa, mpaka mgeni adhani hajui. Nimefundisha wanafunzi mia kadhaa na wenye sikio kama lake ni yeye peke yake. Siku alipochopoa namba kumi na saba alilisoma, akalibana kwenye Mantiki, akarudi nyuma hatua mbili, akalibandua.

"Mwalimu, hili silioni pahali pake."

"Vipi? Mwendo wake huusikii?"

"Mwendo ni wa Mantiki. Lakini jua lake si la kule. Kwenye haya mengine yote jua limelala ubavuni. Hili limesimama juu ya kichwa."

Nilimwambia jua lile ni ishara. Nilimwambia, mbele ya wenzake, kwamba mwanafunzi wa fasihi hasomi kama mtabiri wa hali ya hewa. Wakacheka. Kadzo akasema, "Haya, Mwalimu," akalirudisha kwenye Mantiki. Mwisho wa muhula alikuwa amelihifadhi lote, mstari kwa mstari.

Mwaka ule bodi ya mitihani ilileta msahihishaji mgeni, mtu asiyepita kwa Salim. Wanafunzi wengi waliogopa kunukuu. Kadzo katika jibu lake alinukuu mistari yote kumi na miwili. Wiki sita baadaye karatasi yake ilirudi chuoni na maelezo yaliyobandikwa juu. Shairi hili, aliandika msahihishaji, halimo katika mkusanyiko wowote. Tena, katika nchi ile jua halisimami utosini siku yoyote ya mwaka. Mtahiniwa amejitungia ushahidi, ingawa mistari imetungwa vizuri. Akapendekeza matokeo yafutwe na mtahiniwa aitwe mbele ya kamati ya nidhamu.

Mkuu wa chuo alinisomea maelezo yale kwa simu. Alipofika kwenye habari ya jua, nilimwomba arudie.

Alasiri ile ile nilikwenda kwa Salim. Alikuwa amezeeka kwelikweli, miguu imevimba, amewekewa kitanda ukumbini ili aone wapitao. Nilimsomea mistari miwili tu, naye akaimalizia kumi iliyobaki, amefumba macho, anatabasamu.

"Ni la nani, Mwalimu?"

"Langu."

Akanieleza bila wasiwasi. Mwaka mmoja mchwa walikila kitabu pekee cha Zama za Mantiki kilichokuwa maktabani, na darasa likawa halina mfano. Siku moja saa saba mchana, akiwa amekwama kwenye foleni ya feri ya Likoni, akalitunga pale pale nyuma ya bahasha. Alikusudia kuliondoa kitabu kipya kikija. Kitabu hakikuja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umelitambua zamani, nikasema mwanangu ananistahi tu. Wewe mtoto wa Changamwe, feri umeivuka tangu tumboni mwa mamako. Nani atakufunza feri?"

Nikamweleza habari za Kadzo, na tabasamu likamtoka.

"Nenda kawaambie ni mimi. Mguu wangu mmoja u kaburini, watanifanyani? Au nitie kwenye tuktuk nende mwenyewe, kamati inione."

"La, Mwalimu, pumzika. Nitawaambia mimi."

"Wallahi usimwache huyo mwana aangamie kwa upuuzi wangu, Mueni."

Nilipotoka pale nilikuwa nimekata shauri kusema. Nawaomba mliamini hilo, ingawa halinisaidii. Lakini njia nzima nilisikia kicheko. Niliona kijitabu changu kinapita mkono kwa mkono, kurasa zile nne za nuru ya akili, na watu wanaulizana: huyu ndiye aliyeifanya Likoni kuwa London? Nilipofika chuoni nilifungua kabati. Karatasi zote hukusanywa baada ya somo na kurudishwa mkebeni, kwa hiyo nilijua kopi zote za namba kumi na saba zi kwangu. Nikazitoa, nikazichana, nikamwaga vipande kwenye pipa la taka za jikoni. Mkisoma haya huenda mkadhani nilimsitiri mzee. Mzee hakutaka kusitiriwa. Nilijisitiri mwenyewe, na nikamtumia yeye kuwa pazia.

Kamati ilikutana asubuhi. Kadzo alikaa upande wa pili wa meza, mkoba magotini, ameuzungushia mikono yote miwili. Aliulizwa shairi amelitoa wapi.

"Tulipewa darasani, katika kuanika."

Mkuu alinigeukia. Alikuwa mtu wa bara, mwenye kupenda mambo yaishe kabla ya chai. "Madam, unasemaje? Hii karatasi unaijua?"

"Sikumbuki karatasi kama hiyo," nikasema.

"Una uhakika? Maana huyu tukimwandika hivi, imeisha."

"Darasani hupita karatasi nyingi. Hiyo siikumbuki."

Kadzo aliniangalia. Hakulia wala hakunyosha kidole. Alisema neno moja tu, "Mwalimu?" kama anayeniamsha usingizini, akangoja. Nilitazama glasi ya maji. Mkuu alikohoa, akaandika, na ikaisha kama alivyosema. Matokeo yake yalifutwa na akazuiwa kurudia mtihani kwa miaka kadhaa. Hakurudi kamwe.

Jioni Salim alinipigia simu. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Na yule mwana?"

"Ameachiwa, Mwalimu. Atapata cheti chake."

"Alhamdulillahi." Nilimsikia akimwambia mkewe, kwa furaha, kwamba mambo yamekuwa mema. Alifariki kabla ya mfungo wa Ramadhani. Nilikaa na wanawake matangani siku tatu, nikasifiwa kwa jinsi nilivyomlilia mwalimu wangu.

Mengine ni mafupi. Niliendelea kufundisha, na nilifundisha vizuri, jambo linalonichukiza nikilifikiria. Kila karatasi ya mkebeni niliiandika jina nyuma, kwa wino, na hakuna aliyeniuliza nimeanza lini uangalifu huo. Kijitabu changu kikachapishwa upya bila kurasa zile nne. Wanafunzi wakaanza kuja na simu zao. Ukisoma mstari mmoja wanakuambia mtunzi, mwaka na jina la mkewe, na kuanika kukafa. Mwaka jana bodi iliondoa somo lenyewe. Zama nane zimebanwa zikawa wiki mbili ndani ya somo jingine. Kamba niliifungua mimi. Mhudumu wa bweni aliiomba akaanikie mashuka, nikampa.

Sherehe yangu ya kuagwa mliiona. Mlinisifu kwa uadilifu. Mmoja wenu, aliyesema kwamba sijawahi kumwacha mwanafunzi, nilimtazama nikidhani ananidhihaki, nikaona ni mkweli wa moyo. Nilishindwa kula pilau ile.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mtopanga. Niliuliza mara mbili tu, Kadzo wanamjua. Ana duka la kupiga chapa na kutoa kopi, na wanafunzi wa vyuo humpelekea kazi zao kwa kuwa husahihisha Kiingereza chao bila kuombwa. Nilimkuta akiinama juu ya mashine, mvi mbili tatu mbele ya kichwa. Aliponiona alijifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

Marahaba niliona siistahili. Alinipa kiti, na nikamweleza yote, Salim, mchwa, feri, kabati. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alinyamaza kwanza, kama zamani.

"Ile karatasi nilikuwa nayo, Mwalimu."

"Ipi?"

"Hiyo. Siku moja nilikuomba kopi nikalihifadhi nyumbani, ukanipa, ukaandika jina langu juu kwa mkono wako. Umesahau. Siku ya kamati ilikuwa ndani ya mkoba."

"Mbona hukuitoa, Kadzo? Mbona hukuitoa?"

"Ningeitoa, ningekuumbua mbele ya wenzako. Kwetu mtu hamuumbui mwalimu wake. Nikasema moyoni, atasema mwenyewe. Kila mkuu alipoinua kalamu nikasema, sasa atasema." Akapanga rimu ya karatasi iliyokwisha kupangika. "Mpaka nimefika geti nilikuwa bado nakungoja uniite."

"Nisamehe."

"Umekuja umeshastaafu, Mwalimu. Ungekuja una kazi, ningejua nikujibu nini."

Alikuwa na haki, na sikujitetea. Nikatoa barua niliyokuwa nimemwandikia mkuu wa bodi kwa mkono, nikamwambia nimekuja ili yeye mwenyewe aione kabla haijaenda. Sikujua kama itarudisha chochote. Ana miaka arobaini na watoto watatu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akavuta kiti, akaanza kuipiga chapa. Kijana mmoja aliingia na kitabu cha kutolewa kopi, akaambiwa angoje. Vidole vya Kadzo vilikwenda kasi, habari za mchwa, habari za bahasha, habari za jua. Kwenye ukurasa wa pili vikasimama.

"Mwalimu, hapa umeandika kuwa mbele ya kamati hukuikumbuka ile karatasi."

Nikainama kuangalia. Ndivyo nilivyoandika, kwa mkono wangu, siku mbili nikisahihisha kila neno.

"Niandike hivyo?" akauliza.

"Futa," nikasema. "Andika niliikumbuka."

Akafuta, akaandika, akaniuliza nataka kopi ngapi.